Mkaguzi wa Nguo Mbichi

Vikaratasi vya kwanza vilianguka Jumatatu asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya mkate. Vilisema: "Ndugu wananchi wapendwa, sisi hatuna ugomvi nanyi. Ugomvi wetu ni na serikali yenu. Tandazeni shuka jeupe juu ya paa, na marubani wetu wakiliona watapita." Chini kulikuwa na picha ya familia inayocheka, imesimama karibu na shuka. Kufika saa sita mchana redio ya serikali ilikuwa imeshajibu: vikaratasi hivyo havikuanguka, aliyeviokota ni msaliti, na shuka jeupe juu ya paa ni kumpungia adui mkono. Kifungo chake miaka saba.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini wahenga hawakutuambia kwamba nyasi nazo zitaletewa mkaguzi.

Dobi alizipata habari zote mbili akiwa na mikono ndani ya povu. Chumba chake cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, mlango ukitazama barabara. Kamba za kuanikia zilikuwa juu kabisa, kwenye paa bapa la saruji. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akipanda ngazi zile na karai la nguo begani, akishuka na karai tupu, na magoti yake yalizijua ngazi moja moja. Ghorofa ya nne, chini tu ya zile kamba, alilala mamamkwe wake.

Bibi huyo alikuwa amevunjika nyonga siku ya king'ora cha kwanza. Hakuvunjwa na bomu, alivunjwa na majirani waliokuwa wakilikimbia bomu. Tabibu aliagiza asibebwe ila na watu wanne wenye nguvu, tena akiwa amelazwa. Watu wanne wenye nguvu! Wanaume wa jengo zima walikuwa ama wamechukuliwa jeshini au wamejificha wasichukuliwe. Alibaki dobi na mkewe, na mgongo wa dobi ulikuwa na miaka hamsini na sita. Basi king'ora kikilia jengo zima lilishuka chini, na mama yule akabaki juu anatazama dari, binti yake amemshika mkono. Dobi alimpenda mama huyu kuliko alivyothubutu kumwambia. Alipokwenda kuposa akiwa hana kitu zaidi ya karai, ndugu wote walicheka, isipokuwa mama. Yeye aliuliza tu kama karai linavuja.

Ndiyo maana dobi alilitaka shuka jeupe juu ya paa lile kuliko alivyotaka mkate. Na bahati haikumtupa. Kesho yake ilitoka nyongeza ya sheria, kwani inasemekana hata wake wa mawaziri wanafua. Nyongeza ilisema kwamba mwananchi anaruhusiwa kuanika nguo anazofua, na kwamba nguo inayofuliwa ni nguo yenye maji. Shuka bichi ni usafi, shuka kavu ni uhaini. Kati ya usafi na uhaini likabaki jua peke yake.

Ili sheria isikae bure, kila mtaa ulipewa Mkaguzi wa Nguo Mbichi. Huyu wa kwao zamani alikuwa akikagua mizani sokoni, mtu mwembamba mwenye daftari kubwa na koti lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kila siku saa nane mchana alipanda mapaa, akalishika shuka kwa heshima, akaligusisha shavu lake la kushoto. Shavu halidanganyiki kama mkono. Kufika mwisho wa wiki ya kwanza, sabuni ya mtaa mzima ilikuwa imelibabua shavu lile likawa jekundu upande mmoja, na watoto wakawa wanambishia hodi kumuuliza kama ameshakauka.

Sasa, kila dobi hufundishwa kosa moja kubwa mapema, kwa kofi: usisuuze nguo kwa maji ya chumvi. Nguo yenye chumvi haikauki. Utaianika kutwa, nayo itabaki na unyevunyevu kama kiganja cha mwongo. Kosa hilo dobi alikuwa hajalifanya tangu ujana wake. Alilifanya Jumatano ile kwa makusudi, na kwa moyo mweupe. Mkaguzi alikuja saa nane, akaweka shavu, akaandika "bichi". Siku ya pili bichi. Siku ya tatu bichi.

Siri hiyo alimpa jirani mmoja tu, mwalimu wa hesabu wa jengo la pili, mama wa watoto pacha wa kike. Mwalimu naye alimwambia mtu mmoja tu, na huyo mtu mmoja tu. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa mweupe na haukauki.

Kwa wiki mbili mabomu yakaanguka kwingine. Yalianguka kwenye daraja. Yalianguka kwenye kiwanda cha biskuti, na redio ya kigeni ikaeleza kuwa zilikuwa biskuti za kijeshi. Kisha yakaanguka kwenye pampu ya maji ya mji, mabomba yakakohoa mara mbili na kunyamaza. Redio ya serikali ikatangaza kwamba maji yanatoka kama kawaida. Watu wakawa wanakwenda na ndoo kisimani, mwendo wa saa nzima, kuteka maji ya nyongeza juu ya yale yanayotoka kama kawaida.

Jumanne ya wiki ya tatu Mkaguzi alikuja asubuhi, si saa yake, na nyuma yake kulikuwa na sajini na askari watatu, kila mmoja amebeba kipande cha chuma.

"Dobi, hongera," alisema. "Paa lako limechaguliwa."

"Limechaguliwa na nani, Mheshimiwa?"

"Na ulinzi wa taifa. Wiki mbili halijaguswa. Wataalamu wamechunguza wakaona hakuna paa salama kama hili. Kwa hiyo mzinga wa kutungulia ndege utawekwa hapa."

"Lakini Mheshimiwa, ni salama kwa sababu halina mzinga."

Mkaguzi aliifikiria hoja hiyo. Ilionekana usoni kwamba ameielewa, na kwamba kuielewa kumemtia hofu. "Hiyo," alisema, "ni hoja ya adui."

"Mamamkwe wangu amelala chini ya paa hilo. Amevunjika nyonga."

"Basi atakuwa karibu na walinzi wake."

Vipande vilipanda ngazi, vikigonga kuta na kuchubua chokaa. Juu, sajini aliinama akapita chini ya mashuka, kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliyatazama kwa muda. "Na haya hayatatolewa, siyo?"

"Serikali haiamini mashuka," Mkaguzi alimjibu.

"Ndiyo, afande. Lakini hayatatolewa?"

Kesho yake vikaratasi vilianguka tena. Jioni mwalimu alikuja kwa dobi na gauni lisilo na doa, akafunga mlango.

"Mimi sijasoma kikaratasi," alisema.

"Wala mimi, Mwalimu."

"Hicho ambacho hukukisoma, kimesema mashuka ya mtaa wetu hayaanuliwi?"

"Kimesema familia ya kweli huanua nguo jioni. Ati chini ya mashuka yasiyoanuliwa kuna silaha."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa saa tisa alasiri. Hawatapita tena, wataangusha."

"Basi ambacho hatukukisoma ni kimoja," alisema mwalimu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Dobi alipanda juu kwa mamamkwe. Magoti hayakumuuma, maana akili haikuwa hapo. Alimkuta macho, anasikiliza buti za askari juu ya dari. Akamweleza mpango wake kwa sauti ya chini: ataanua mashuka yake. Alikwishamwona sajini anavyoyatazama. Paa likibaki uchi, wale vijana hawatakaa hata dakika kumi, watahamia kwenye paa la jirani.

"La mwalimu," alisema mamamkwe.

"La mwalimu, ndiyo."

"Lenye pacha."

Dobi alijipangusa mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mkwe wangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Usiniokoe kwa kuwatosa watoto wa mwenzako."

"Sasa nifanyeje, Mama?" Alisahau kwamba askari walikuwa juu ya dari. "Nakuogopea. Kila usiku naota dari linashuka. Sina watu wanne wa kukubeba, sina pa kukupeleka, na huko juu nimekuwekea chambo kwa mikono yangu mwenyewe!"

Mama alimwacha apumue. "Kazi yako wewe ni nini?"

"Dobi."

"Basi anua. Lakini usianue yako. Anua ya mtaa mzima, siku moja."

Ni rahisi kusema. Kuanua shuka lililo juu ya mzinga wa serikali ni hujuma, na hujuma haina hata kifungo, ina ukuta na risasi tu. Ilibidi sheria yenyewe iyaanue, yaani yakutwe makavu. Na hayakauki! Kuitoa chumvi kulihitaji maji matamu, na maji matamu watu walikuwa wanayanywa kwa kijiko. Dobi aliwaza mpaka alfajiri, kisha akateremsha pasi yake ya mkaa.

Kazi ngumu haikuwa pasi, ilikuwa watu. Kila nyumba ilikubali, na kila nyumba ilikubali kwa namna ile ile: "Mimi nitatoa, mwenzangu akishatoa." Maana paa moja likibaki na shuka bichi, mzinga utajua pa kwenda. Dobi alizunguka mtaa wote Alhamisi asubuhi akarudi na ahadi nyingi na shuka moja. Mkewe alipoona hivyo alijifunga kanga kiunoni, akatoka. Hakubishana na mtu. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlangoni mwa watu, anasema, "Msijali, mimi nasubiri tu," na anasubiri, mpaka mwenye nyumba anaona haya kupika mbele ya mgeni ambaye mama yake yuko chini ya mzinga. Akirudi, karai limejaa. Kufika Ijumaa asubuhi alikuwa ameyaleta mashuka sitini na moja, na ya mwisho aliyaomba juu ya paa lao wenyewe.

"Unayapeleka wapi?" sajini aliuliza.

"Kupigwa pasi, mwanangu."

"Yarudi kabla ya saa tisa, mama. Tafadhali."

Dobi alipiga pasi mpaka mkono ukafa ganzi. Mvuke wa chumvi ulimchoma macho. Mkaa ulipokwisha, watu walileta miguu ya viti, na viti vilipokwisha, wakaleta fremu za picha ya Kiongozi. Picha zenyewe walizirudisha ukutani, kwa heshima zote, kwa gundi ya unga. Saa saba na nusu mashuka yote sitini na moja yalikuwa kwenye kamba, meupe, yamenyooka, makavu kau.

Saa nane Mkaguzi alipanda kwa dobi, akaweka shavu. Akaliondoa. Akaliweka tena.

"Kavu," alisema, kama aliyeambiwa habari ya msiba. "Tena la moto!"

"Jua kali, Mheshimiwa."

Alikimbia kwenye paa la mwalimu. Kavu. La tatu, kavu. Baada ya dakika ishirini alirudi anahema, shavu limepata nafuu kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe.

"Yaloweshwe! Upesi!"

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba! Ilitangazwa kwamba yanatoka."

"Basi twende ukalifungue wewe, Mheshimiwa. Sisi tukilifungua huwa halisikii."

Mkaguzi alilitazama daftari. Safu ya "bichi" ilikuwa tupu. Safu ya pili iliandikwa juu yake, kwa mwandiko wake mzuri mwenyewe, "uhaini: iondolewe papo hapo", na pembeni kulikuwa na nafasi ya jina la mkaguzi aliyeacha shuka kavu bila kuliondoa. Akalifunga daftari. "Anueni," alisema. "Mtaa mzima. Sheria ni sheria."

Yalianuliwa kwa dakika chache, maana kila mwanamke alikuwa tayari ameshika kamba.

"Na sisi?" sajini aliuliza.

"Ninyi endeleeni."

"Chini ya nini, afande?"

"Chini ya ulinzi wa taifa."

Sajini aliinua uso. Mbingu ilikuwa buluu, kubwa, haina hata wingu la kujisitiri. Bila kusema kitu akaanza kufungua nati. Dakika ishirini baadaye mzinga ulikuwa barabarani na askari wanne wakiukokota mlango kwa mlango. "Jamani, hakuna mwenye shuka?" Kila dirisha lilitoa kichwa cha mwanamke, na kila kichwa kilijibu kwa huruma, "Yamekauka, mwanangu." Walifika mwisho wa mtaa, wakageuka, wakarudi. Walikuwa mbele ya mlango wa dobi king'ora kilipolia, saa tisa kasoro dakika saba. Waliuachia mzinga katikati ya barabara, wakaingia ndani mbio, Mkaguzi mbele yao.

Dobi alisimama mbele ya sajini akamzibia njia.

"Afande, mko wanne."

"Nini?"

"Mko wanne, na mna nguvu. Mmebeba chuma kile ghorofa nne kupanda na nne kushuka. Huko juu kuna mama yangu."

Aliposema mama yangu, sio mamamkwe, mkewe alikuwa tayari ngazini. Ndege zilikuwa zinasikika, mbali bado, sauti ile ya mashine inayosaga kitu kigumu. Sajini alimtazama dobi, akautazama mlango, na pengine naye alikuwa na mama mahali. "Haya," alisema, "lakini tukimbie."

Walimlaza kwenye shuka, askari mmoja kila pembe. Dobi alikwenda mbele kinyumenyume akihesabu ngazi kwa sauti, na Mkaguzi, ambaye hakuna aliyemwita, alikuja akachomeka daftari lake chini ya nyonga ili isicheze. "Taratibu," mama alikuwa anasema, meno ameyauma kwa maumivu. "Taratibu wajukuu zangu, mimi si mzinga." Walimfikisha chini, kati ya makarai. Mwalimu alikuwa amekwishaingia na pacha wake, wote watatu wamelala kifudifudi.

Bomu lilianguka barabarani juu ya mzinga. Mlango uliingia ndani, na jengo likatikisika mpaka paani. Kisha kukawa na vumbi, na watu wanaitana, na kila aliyeitwa aliitika.

Vumbi lilipotulia dobi alipanda juu peke yake. Chumba cha ghorofa ya nne kilikuwa na mwanga mwingi. Dari lilikuwa limelala kitandani, bonge zima la saruji na vyuma, na mto ulichungulia kidogo pembeni. Alikaa kwenye ngazi ya juu, akalia kwa sauti kama mtoto, kisha akajipangusa kwa aproni akashuka.

Saa kumi walifungua redio. Ya kigeni ilisema ndege zao zimepiga mzinga wa kijeshi kwa shabaha kamili. Askari wanne wameuawa, raia hakuna aliyeguswa. Ya serikali ilisema mashujaa wanne wamekufa wakiwa wameukumbatia mzinga wao mpaka dakika ya mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita vianze redio hizo kukubaliana, na marehemu wote wanne walikuwa wamekaa juu ya ndoo, wanasikiliza.

"Mimi sikufa," sajini alisema polepole.

Watu wote walimgeukia Mkaguzi. Aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, kisha daftari lake, ambalo lilikuwa bado chini ya bibi. "Redio imesema mmekufa," alisema. "Mimi ni nani hata nibishane na redio? Maiti hawamo katika kazi yangu." Akageuka akautazama ukuta, na akaendelea kuutazama.

"Vueni hizo sare," mamamkwe aliwaambia. "Maiti havai hivyo."

Dobi alikwenda kwenye rafu ya nyuma. Pale zilikuwa nguo safi ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, mafungu mafungu, kila fungu na kijikaratasi chake. Wenyewe walichukuliwa kazini, sokoni, kwenye foleni, kwa mafungu pia. Akasoma vijikaratasi, akatoa suruali nne na mashati manne. Shati la mwisho, la mistari ya kijani, alitaka kulirudisha. Lilikuwa la mume wa mwalimu, aliyetoka asubuhi moja miezi mitano iliyopita kwenda kununua chaki.

Mwalimu alilitambua tangu likiwa rafuni. Akasimama, akalichukua mikononi mwa dobi, yeye mwenyewe akampa sajini. Kijana alilivaa haraka, akikosea vifungo. Mabegani lilikuwa pana, na mikono ilimfika kwenye vidole. Mwalimu alivifungua vile vifungo akavifunga upya, akaigeuza kola ikakaa vizuri, na akaacha mkono wake hapo kidogo.

"Limekutosha," alisema.

Halikumtosha hata kidogo.